Moyo kwenye magemu na karata: ni pambo tu, au una kazi?

#1 PauMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mwingine wa magemu ya zamani jamaa mmoja kaandika kwamba moyo kwenye gemu ni betri iliyochorwa vizuri, basi. Ukijaa uko salama, ukiisha umekufa. Sikutaka kumjibu kule nikaharibu uzi wa watu, kwa hiyo nimefungua wa kwangu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema mnishambulie vizuri: moyo unanoga pale gemu linapokudai uutoe, au linapokukomesha kwa kuuokota. Gemu linalokumwagia mioyo kila ukifyeka nyasi limechukua mchoro tu, likaacha utamu wake.

Naanza na karata kwa sababu ndiko moyo ulikotangulia. Karata zilipoenea Ulaya karne ya 14, moyo haukuwemo. Waitalia na Wahispania walikuwa na vikombe, panga, sarafu na marungu, na wanavyo mpaka leo. Mioyo ilitoka kwa Wajerumani karne ya 15, ikiwa pamoja na kengele, majani na mbegu za mwaloni. Kwenye miaka ya 1480 hivi Wafaransa wakaja na michoro rahisi ya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ambayo unaweza kuipiga kwa stensili bila kuhangaika kuchonga ubao kwa kila karata. Karata zao zikawa rahisi kutengeneza, zikaenea. Ndiyo hizi kopa (yaani moyo), uru, shupaza na pau tunazozijua.

Sasa, kwenye michezo mingi kopa haina tofauti na wenzake. Poka haijali kabisa: flashi (karata tano za aina moja) ya kopa na flashi ya pau ni ngoma droo. Briji inaipa heshima kiasi, iko juu ya uru na pau lakini chini ya shupaza, na kila mzunguko unaohesabiwa kwa kopa ni pointi 30 wakati uru na pau ni 20. Kwa hiyo ukiahidi kopa nne na ukatimiza una 120, umevuka ile 100 ya gemu. Kwa uru lazima upande hadi tano. Preferans na Five Hundred ndiyo zimeiweka kopa kileleni kabisa. Zote hizo ni habari za cheo tu.

Mchezo ulioipa kopa kazi ni Hearts. Nadhani wengi humu mliuona kwenye Windows XP mkicheza na akina Pauline, Michele na Ben wa kompyuta. Kwa ambao walikuwa wanabofya tu bila kuelewa: watu wanne, karata 13 kila mmoja, hakuna turufu. Lazima ufuate aina iliyoanzishwa, na mwenye karata kubwa ya aina hiyo anakula mzunguko. Kinachokuja kukuuma ni hiki: kila kopa uliyoila ni pointi moja ya adhabu, na malkia wa shupaza peke yake ni 13. Yaani yule mama ana uzito sawa na mioyo yote ikikusanywa. Mtu akifika 100 gemu linaisha, na mshindi ni mwenye pointi chache.

Mnaona ulivyogeuzwa? Kila mtu anaikimbia mioyo. Halafu kuna mlango wa nyuma: ukifanikiwa kula kopa zote 13 pamoja na yule malkia, huandikiwi kitu, wenzako watatu ndio wanaandikiwa 26 kila mmoja. Wanaita kuupiga mwezi. Karata ileile iliyokuwa laana inakuwa ushindi, ila hakuna nusu. Ukila 25 umejizika mwenyewe.

Mchezo huu ulishika Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na ukoo wake unarudi kwenye Reversis ya Ulaya, nao ulikuwa mchezo wa kukwepa kula. Microsoft waliuingiza kwenye Windows for Workgroups mwaka 1992 ili watu waone kompyuta zinavyoweza kuongea kwenye mtandao wa ofisini. Mtu kawekewa teknolojia ya kazi, anaitumia kumsukumia mwenzake malkia wa shupaza.

Haya, upande wa magemu ya video nawaachia nyie mfungue. Nitarudi.

---

#2 Kimyakimya

Siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

---

#3 MtuWaPedi

Mkuu PauMbili uzi mzuri, ila hapo kwenye nyasi umemlenga Zelda bila kumtaja jina na mimi sikuachii.

Legend of Zelda ya 1986 haikumwagii chochote. Unaanza na mioyo mitatu. Mitatu! Na upanga wako unarusha mwale kwa mbali pale tu mioyo ikiwa imejaa. Ukiguswa mara moja, hata nusu moyo, mwale umekwenda, sasa inabidi umsogelee adui uso kwa uso, na ukimsogelea ndiyo unazidi kuguswa. Kwa hiyo mioyo yako ni silaha yako pia. Kuna upanga mweupe hupewi mpaka uwe na mioyo mitano, na ule wa nguvu zaidi mpaka 12. Mzee wa pangoni anakuangalia ulivyo, anakufukuza.

Na hapo unaposema gemu likudai: kwenye raundi ya pili ya gemu hilohilo, ile ngumu inayofunguka baada ya kumaliza, kuna mzee anakuzuia njia anakuambia uache pesa au uache uhai. Huna rupia 50, anachukua chombo chako kimoja cha moyo, yaani nafasi ya moyo yenyewe, mazima. Hakirudi. Mwaka 1986 hiyo, mkuu.

Halafu ule mlio. Ukibaki na moyo kidogo gemu linaanza kulia pi-pi-pi na halinyamazi mpaka upate mwingine. Uko chumba cha bosi (adui mkubwa), umebaki na nusu moyo, mlio unakupigia sikioni, unaona kabisa kuna moyo umeanguka kona ya kule na bosi amesimama katikati. Unaufuata au unamalizia pigo la mwisho? Hiyo ni betri?

---

#4 DadaShupaza

Nimecheka hapo kwenye teknolojia ya ofisini 😂

Mimi naomba nikae upande wa karata maana naona mmeanza kukimbilia kwenye pedi. Kaka PauMbili ameeleza kuupiga mwezi kama vile ni bahati tu. Si bahati, na uzuri wake uko kwenye karata ndogo, wala siyo kubwa.

Chukulia umepewa ree ya kopa, mfalme wa kopa, malkia wa kopa, na kopa 5. Macho yamekutoka, unasema leo nawapiga mwezi. Sasa hesabu. Kopa ziko 13, wewe unazo nne, zimebaki tisa kwa watu watatu. Ukianza na zako tatu za juu, kama wenzako wamegawana tatu tatu, zote zimetoka na ile 5 yako inakuwa mfalme wa meza. Lakini mmoja akiwa na nne, anabaki na moja baada ya raundi tatu, na hata kama ni 6 tu inaipiga 5 yako. Amekula kopa mbili, basi. Na hata kama malkia wa shupaza ulishamla na kila kitu kingine ni chako, unaandikiwa 24, yeye 2, na wengine wawili sifuri wanakucheka.

Ndiyo maana kabla ya kucheza kuna kupitishana karata tatu, kushoto, kulia, mbele, na mgao wa nne hakuna kupitisha. Mwenye mpango wa mwezi hapitishi kubwa, anapitisha ile kopa 5. Na mwenye akili akipokea kopa ndogo kutoka kwa mtu anajiuliza: huyu kwa nini ananipa kopa ya 5 badala ya mfalme? Tayari nimeshamshtukia. Nabakiza kopa moja kubwa mkononi mpaka mwisho, siitoi hata nikibembelezwa. Hiyo moja ndiyo polisi wa meza.

Na tafadhali, shupaza ndogo msipitishe ovyo. Malkia ukiwa naye pamoja na shupaza nyingine nne, ni mgeni wako tu, unamtoa unapotaka wewe, juu ya kichwa cha mtu. Ukiwa naye na shupaza moja tu ndiyo anakugeuka.

---

#5 PauMbili (mwanzisha uzi)

Dada DadaShupaza, shikamoo kabisa. Hiyo ya kupokea 5 na kushtuka nimeielewa leo kwa undani wake.

MtuWaPedi, hayo ya 1986 nakubali yote kwa sababu yako upande wangu! Mzee anayechukua chombo cha moyo ndicho ninachokisema. Malalamiko yangu ni ya baadaye. Zelda ya A Link to the Past mwaka 1991 ikaleta vipande vya moyo, vinne vinafanya chombo kimoja. Ikawa kila pango na kila mtu mwenye shida ndogo anakupa robo ya moyo. Twilight Princess wakafanya vitano. Unaishia kuzunguka ramani nzima unaokota robo robo, na ukifika mwisho una mioyo 20 na bosi hakutishi. Imekuwa ushuru wa kutembea.

Ila Breath of the Wild wamenirudisha kundini. Ukimaliza mahekalu manne unachagua mwenyewe: chombo cha moyo au pumzi zaidi ya kupanda na kukimbia. Ukichukua kimoja umekosa kingine. Na ule upanga mkuu msituni, ukiushika kuuchomoa unakunyonya moyo mmoja mmoja huku umeung'ang'ania, na bila vyombo 13 vya kweli hutoki nao. Ile mioyo ya njano ya muda inayotokana na chakula haihesabiwi. Watu wanakwenda kwa ile sanamu yenye pembe, wanaiuzia pumzi yao rupia 100, wananunua moyo kwa 120, wanachomoa upanga, kisha wanarudi kubadilisha tena. Sanamu inakula rupia 20 kila safari. Hapo moyo umekuwa kitu unachokifikiria.

---

#6 Pikseli8

Jamani hakuna aliyemtaja Castlevania?

1986 pia, Konami, Simon Belmont na mjeledi wake. Unapiga mshumaa, moyo unaanguka, mgeni anakimbilia kwa furaha akidhani amepona. Mstari wa uhai hausogei hata kidogo. Mioyo mle ni risasi! Mdogo unahesabiwa mmoja, mkubwa mitano, na unaitumia kurushia shoka, kisu, maji matakatifu. Saa ya kusimamisha maadui inakula mitano kwa mpigo. Ukitaka kupona unavunja ukuta unakuta nyama imefichwa humo, na unaila bila kuuliza imekaa miaka mingapi.

Kwa hiyo kwenye mwaka mmoja Wajapani walikuwa na magemu mawili makubwa na moyo uleule mwekundu wa pikseli chache una maana mbili zisizohusiana. Yaani hawakukaa kikao.

Sababu ya moyo kupendwa wakati ule mimi naiona kwenye mashine yenyewe. Famicom ilikuwa inachora kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Jaribu kuchora mtu ndani ya hapo, au chupa ya dawa, inatoka uji. Moyo unatoka safi, na nusu moyo unatoka safi, na moyo mtupu unatoka safi. Mchezaji wa lugha yoyote anauelewa hata kama hajui kusoma. Kwa hiyo hata kama ni "betri" kama alivyosema yule jamaa, ni mchoro uliofanya kazi ndani ya nafasi ambayo namba zingechosha.

---

#7 Kimyakimya

Nyama ya ukutani 😂😂😂

Endeleeni.

---

#8 Mzunguko_wa_Mwisho

PauMbili kwa msimamo wako huo unahitaji kucheza Binding of Isaac, kama hujacheza basi uzi huu umeuanzisha kabla ya wakati.

Mle moyo ni pesa. Ukimaliza bosi bila kuumizwa ovyo unaweza kufunguliwa chumba cha shetani. Vitu vimepangwa, na bei imeandikwa kwa mioyo, moja au miwili. Siyo kwamba unapungukiwa kisha unajaza. Kinachokwenda ni chombo chenyewe. Unaingia na vyombo vitatu, unaona kitu kitakachofanya machozi yako (ndiyo, silaha ni machozi) yapige mara tatu zaidi, kinauzwa viwili. Unatoka na moyo mmoja na nguvu za ajabu, na sakafu inayofuata kila inzi ni adui wa kweli.

Na mioyo ni ya aina. Mwekundu wa kawaida. Wa buluu unaozidishwa juu, hauna chombo, ukipigwa umekwenda. Mweusi, ukiupoteza unaumiza kila adui chumbani. Mweupe ambao ukiuvusha hadi sakafu inayofuata unakuwa chombo kamili, ila ukiguswa kabla umeula wa chuya. Kuna hadi mashine ya kuchangia damu: unaipa moyo, inakupa sarafu. Mimi nimekufa kwenye hiyo mashine zaidi ya nilivyokufa kwa bosi, kwa tamaa tu.

Kisha kuna mhusika mmoja, Lost, hana moyo hata mmoja. Akiguswa amekufa. Fidia yake ni kwamba kwa shetani anachukua bure, kwa sababu hana cha kulipa.

---

#9 MtuWaPedi

@Mzunguko_wa_Mwisho hapo kwa Lost umemaliza.

---

#10 Jiwe_na_Mbao

Wakuu mnadharau moyo wa kawaida kwa sababu mmeuzoea. Nakuja kuitetea Minecraft.

Mioyo kumi, imekaa pale chini, mtoto anaielewa kwa dakika moja. Lakini iangalieni vizuri. Kila moyo ni pointi mbili, kwa hiyo una 20. Ukianguka, vitalu vitatu vya kwanza ni bure, kila kinachozidi ni nusu moyo. Mtu anayejenga mnara anafanya hesabu hiyo kichwani bila kujua kama anafanya hesabu: vitalu 23 na hujavaa kitu, umekwisha. Ukiwa umebakiwa na mioyo miwili kushuka chini inaanza kutetemeka. Ukila sumu inageuka rangi ya kijani chafu, na sumu hiyo haikuui, inakuacha na nusu moyo ikuone utafanya nini. Ukipata athari nyingine inayoitwa wither inakuwa myeusi, na hiyo inaua kweli. Tangu 2021 ukizama kwenye theluji laini inaganda ikawa ya buluu barafu.

Sasa hayo yote yameelezwa na alama kumi ndogo bila neno hata moja. Mwandishi gani wa gemu anaweza kukuambia kwa haraka hivyo una tatizo gani na una muda gani?

Na kwenye hardcore mioyo ina uso tofauti, imekaa kama inakukodolea macho. Ukifa, dunia uliyoijenga unabaki kuitazama kama mzimu, huwezi kugusa kitu. Gemu halijakudai moyo dukani, sawa. Limekudai dunia nzima. PauMbili hapo unasemaje?

---

#11 PauMbili (mwanzisha uzi)

Nasema hardcore ni ya kwangu na ile ya kawaida ni ya kwako 😄 Ukifa kwenye ile ya kawaida unarudi ulipolala, unakimbilia vitu vyako. Hofu ni ya kupoteza pikipiki ya almasi... namaanisha sururu ya almasi, moyo wenyewe haukuhusu. Lakini hoja ya rangi naipokea, sijawahi kuiona imepangwa hivyo.

---

#12 Bibi_Shamba

Na sisi wa mahaba tunakaa wapi?

Stardew Valley. Kila mtu kijijini ana mioyo kumi mitupu mbele yako, na kila moyo ni pointi 250. Kuongea naye ni 20. Zawadi anayoipenda sana ni 80, na siku yake ya kuzaliwa inazidishwa mara nane. Mwisho zawadi mbili kwa wiki. Unayemtaka kwa ndoa anakwama kwenye mioyo minane mpaka umpe shada la maua, ikifika kumi unamvisha kidani. Ikipita siku hujaongea naye, kinapungua kidogo.

Kila siku nasikia watu wanalalamika eti huo siyo upendo, ni leja ya mhasibu. Mimi nawauliza, mmesoma yaliyomo? Ukifikisha mioyo miwili, minne, sita, kuna tukio linafunguka, na mle ndimo unagundua huyu mlevi wa baa anahangaika na nini, na yule kijana mwenye pikipiki ana nini na mama yake. Moyo pale ni funguo. Hesabu ni njia ya kukulazimisha urudi kwa mtu yuleyule wiki baada ya wiki, na hilo ndilo linalofanya matukio yale yakuguse. Ungeyapewa yote siku ya kwanza yangekuwa video tu.

Mfano ulitoka Harvest Moon ya 1996, kule unachungulia shajara ya binti unaona ana mioyo mingapi kwako. Kuchungulia shajara ya mtu siyo tabia nzuri ila ndiyo gemu lilivyokuwa.

---

#13 DadaShupaza

Bibi_Shamba hapo kwa shajara 😂 lakini nakuunga mkono. Ila mara nane siku ya kuzaliwa inanipa shaka. Mtu unampuuza msimu mzima, unamletea kitu kimoja siku hiyo, anakupenda moyo mbili na nusu kwa mkupuo. Namjua mtu wa hivyo, hakuwa kwenye gemu.

---

#14 Nyekundu_Tu

Nimesubiri mtu amtaje Undertale hadi nimechoka, acha nifanye mwenyewe. Kama hujacheza ruka posti hii.

2015, Toby Fox. Vita ikianza, wewe unakuwa moyo mwekundu mdogo ndani ya boksi jeupe na mashambulizi ya adui yanapita humo. Huuhesabu, huuokoti, wewe ndiye huo. Unauendesha kwa mkono wako ukwepe mifupa, mikuki, machozi. Na adui anaweza kuubadilisha. Papyrus anaugeuza buluu, ghafla una uzito, unaanguka chini na inabidi uruke. Undyne anaugeuza kijani, huwezi kusogea, unabaki kuzungusha ngao. Muffet zambarau, umenaswa kwenye nyuzi za utando unahama mstari hadi mstari. Mettaton njano, sasa na wewe unarusha.

Kila mpinzani anakushika moyo kwa namna yake, na kwa kuucheza unaijua tabia ya mtu kabla hajamaliza kuongea. Undyne hataki ukimbie, kwa hiyo kakuondolea miguu. Hapo hakuna maelezo, hakuna mazungumzo marefu, ni vidole vyako tu vimeelewa.

Mioyo ya mazimwi wa gemu yenyewe ni myeupe na imepinduliwa juu chini. Ukishindwa wa kwako unapasuka katikati, halafu unavunjika vipande. Sauti ile mnaijua.

Betri gani inafanya hivyo?

---

#15 Pikseli8

Na kwa upande wa pili kuna Kingdom Hearts, 2002, ambamo neno moyo linatamkwa kila sentensi ya pili, maadui ni viumbe waliopoteza moyo, upanga wako ni funguo ya kufungua mioyo, Sora, mhusika mkuu, anajichoma mwenyewe kuuachilia moyo wa rafiki yake Kairi uliokuwa ndani yake. Halafu uhai wako ni mstari wa kijani 😂

Simulizi yake nimeacha kuifuatilia walipoleta wale ambao ni mwili na nafsi uliobaki baada ya moyo kuondoka, kisha ikaonekana hao nao wanaanza kuota moyo. Lakini Sora kujichoma bado naikumbuka kama moja ya mambo ya kijasiri magemu ya watoto yamewahi kufanya.

---

#16 Mzunguko_wa_Mwisho

Kwa wanaotaka karata na gemu vikutane: Balatro, 2024. Ni poka iliyovunjwa sheria. Kuna joka moja (joker, karata ya ziada yenye nguvu yake) linakupa +3 kwenye kizidisho kila kopa inapohesabiwa. Kuna Bloodstone, kila kopa ina nafasi moja kati ya mbili ya kuzidisha kwa 1.5. Karata ya Jua inageuza hadi karata tatu zako kuwa kopa. Kwa hiyo unaweza kujenga pakiti nzima nyekundu, kila mkono ni flashi, unaona raha. Ndipo anakuja bosi anaitwa The Head, anazima kopa zote. Pakiti yako yote ni makaratasi.

Na DadaShupaza hili ni lako: kuna joka linaitwa Shoot the Moon, yaani kuupiga mwezi. Linakupa +13 kwa kila malkia uliyembakiza mkononi bila kumcheza. Kumi na tatu. Mtengenezaji kakumbuka mzigo wa yule mama wa shupaza, kaugeuza zawadi, tena kwa kukaa naye badala ya kumsukuma.

---

#17 DadaShupaza

Kumi na tatu! Nalipakua leo.

Ila kabla sijaenda, kuna ndugu zake Hearts hamjawagusa. China wana Gong Zhu, kumfukuza nguruwe. Nguruwe ni malkia wa shupaza yuleyule, hasi 100. Kopa nazo hazilingani: ree hasi 50, mfalme 40, malkia 30, ghulamu 20, kuanzia 10 hadi 5 ni kumi kumi, na zile 4, 3, 2 hazina kitu. Jumla hasi 200. Ghulamu wa uru ni kondoo, anakupa 100 za heri. Kwa hiyo kule kopa ndogo unaweza kuila bila wasiwasi, unachokimbia ni wakubwa.

Wafaransa wana Barbu. Migao 28, kila mmoja wa wanne anachagua masharti saba kwa zamu yake, na sharti mojawapo ni moja tu: usile mfalme wa kopa. Meza nzima inamkwepa mzee mmoja.

---

#18 Kimyakimya

Nami nichangie kidogo. Huyo mfalme wa kopa kwenye karata za Kiingereza mwangalieni: wenzake wote wana masharubu, yeye hana, na upanga umeingia nyuma ya kichwa kama anajiua. Zamani alishika shoka. Wachoraji walinakiliana karne na karne mpaka kichwa cha shoka kikapotea, ukabaki mpini, ukaishia kuwa upanga.

---

#19 PauMbili (mwanzisha uzi)

Kimyakimya kumbe unazo nondo umezikalia!

Kuhusu cheo cha kopa, kuna mchezo wa Ireland, Twenty-Five, ambao haujatajwa. Turufu ikiwa shupaza, au pau, au chochote, ree ya kopa inahesabiwa turufu ya tatu kwa ukubwa, nyuma ya tano ya turufu na ghulamu wake. Haijalishi meza imechagua nini. Turufu ikianzishwa na huna nyingine ila hiyo ree, sheria inakuruhusu kuibania pale tu iliyoanzishwa ni ndogo kuliko yenyewe. Ikianzishwa kubwa kuliko yenyewe, yaani ile tano au ghulamu, itoe.

DadaShupaza na Mzunguko_wa_Mwisho, nafungua meza ya Hearts mtandaoni Jumamosi jioni, tumebakiza kiti kimoja. Bibi_Shamba unaingia, au MtuWaPedi? Kupitisha kunaanza kushoto kama kawaida, na mwenye pau mbili anaanza.

---

#20 Bibi_Shamba

Naingia mimi. Na atakayenipitishia kopa ya 5 nitamjua.